Jinsi ya Kupima Kaboni na Virutubishi Ambavyo Mto Unavipeleka Baharini: Mfano wa Mto Sabaki

Wakati wa masika, mtu anayesimama juu ya daraja la Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, huona maji mazito ya rangi ya udongo mwekundu yakipita chini yake, na akitupa macho upande wa bahari huiona imegawanyika rangi mbili, hudhurungi karibu na ufuo na buluu kule mbali. Athi, Galana na Sabaki ni majina ya mto mmoja. Vijito vinavyopita Nairobi huingia Athi, mto ukashuka hadi Ukambani, ukaitwa Galana baada ya kupokea maji ya Mto Tsavo, na ukafika pwani kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo hudhurungi ile ni mashamba ya Machakos na Makueni, ni kingo za mito iliyomomonyoka, ni nyanda za Tsavo, na ndani yake mna vitu ambavyo jicho halivioni: kaboni ya majani na mizizi iliyooza, naitrojeni ya mbolea na ya maji machafu ya mjini, fosforasi iliyogandamana na udongo, na silika iliyotoka kwenye miamba.

Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi cha wanafunzi, walimu, wavuvi au watunzaji wa mikoko, kwa msaada wa maabara ya kawaida, kinavyoweza kukadiria ni kiasi gani cha vitu hivyo kinafika baharini. Nimeutumia Sabaki kuwa mfano kwa sababu tabia yake iko wazi, lakini hatua ni zile zile kwa Tana, Rufiji, Pangani au Ruvuma.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya chupa kuguswa. Kipimo kinachotoka maabara, kwa mfano miligramu 2 za naitrojeni katika lita moja, hakisemi chochote kuhusu kile ambacho bahari inapokea. Huo ni ukolezo tu. Mzigo wa mto hupatikana ukolezo ukizidishwa kwa wingi wa maji yanayopita, na wingi huo katika mto kama Sabaki hubadilika mara nyingi kati ya kiangazi na mafuriko. Nimeona ripoti zenye majedwali marefu ya kemia zisizo na hata mstari mmoja kuhusu mtiririko wa maji siku ile, na kwa swali hili majedwali hayo hayana msaada.

Kaboni na virutubishi husafiri kwa sura gani

Kaboni husafiri kwa sura nne, na kila moja ina njia yake ya kupimwa. Kuna kaboni hai iliyo katika chembe, yaani vipande vya majani, mizizi, bakteria na mboji iliyoshikamana na udongo. Kuna kaboni hai iliyoyeyuka, ile inayoyapa maji ya vinamasi na mikoko rangi ya chai. Kuna kaboni isiyo hai iliyoyeyuka, ambayo zaidi ni bikaboneti inayotokea mvua na hewa ya udongo zinapoyayeyusha madini ya mawe. Ya nne ni chembe za chokaa zenyewe. Mito yote ya dunia kwa pamoja hukadiriwa kupeleka baharini karibu tani bilioni 0.9 za kaboni kila mwaka, na sehemu iliyo karibu na nusu ni bikaboneti hiyo. Anayepima chembe peke yake kwa sababu zinaonekana anaacha sehemu kubwa ya hesabu nje.

Naitrojeni ipo kama naitreti, amonia na misombo hai. Amonia nyingi ni alama ya kinyesi au maji taka yaliyoingia karibuni, kwani mahali penye oksijeni bakteria huigeuza kuwa naitreti kadiri mto unavyosafiri. Fosforasi hupenda kushikamana na chembe zenye chuma, na udongo mwekundu una chuma kingi, ndiyo maana sehemu kubwa ya fosforasi ya Sabaki hupatikana kwenye tope na si katika maji yaliyochujwa. Silika nayo husahaulika mara nyingi, ilhali diatomu, mimea midogo mno ya baharini yenye gamba la kioo, haiwezi kuishi bila hiyo. Mwanasayansi wa Marekani Alfred Redfield aligundua katika miaka ya 1930 kwamba uwiano wa virutubishi katika maji ya bahari na katika miili ya planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, unakaribiana, na uwiano unaotumika leo ni atomu 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Mto unaoleta naitrojeni nyingi kupita uwiano huo huku silika ikipungua hubadilisha aina ya mimea inayoota pwani.

Mahali na wakati wa kuchota

Chagua mahali palipo chini kabisa ya mto lakini ambapo chumvi haijafika. Wakati wa bamvua, maji ya bahari yakijaa, chumvi hupanda mto kupita pale ilipozoea, na sampuli iliyochotwa hapo ni mchanganyiko wa mto na bahari. Tumia kipimo cha upitishaji umeme wa maji, ambacho ni kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma juu maji yakiwa na chumvi, na uchote maji yakiwa yamekupwa. Daraja linafaa kuliko ukingo kwa sababu mbili: unaweza kufika katikati ya mto, na huhitaji kuingia majini. Sabaki ina viboko na mamba, na hakuna sampuli inayostahili mtu kuingia katika maji hayo, hata kama wenyeji wanavuka.

Kalenda yako ifuate mto, isifuate kalenda ya ofisi. Wakati wa kiangazi, kuchota mara moja kila wiki mbili kunatosha. Mto unapoanza kupanda, uchote kila siku, na ikiwezekana mara mbili kwa siku. Mafuriko ya kwanza baada ya ukame hubeba tope zaidi kuliko mafuriko ya baadaye yenye kina kile kile, kwa kuwa udongo uliolegea, samadi na majani makavu ya miezi mingi huzolewa kwa mkupuo mmoja. Kwa sababu hiyo chota maji yanapopanda na pia yanaposhuka. Aliyechota siku ya kushuka peke yake atadhani mto ni msafi kuliko ulivyo.

Kabla ya kuanza, omba kibali cha utafiti kinachohitajika, na uulize Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kuna kituo cha kupimia kina cha maji karibu na mahali ulipopachagua. Rekodi za kina za kila siku, hata zenye mapengo, zina thamani kubwa.

Kuchota bila kuharibu sampuli

Shusha ndoo safi kwa kamba mahali patatu: robo ya upana wa mto, katikati, na robo tatu. Suuza ndoo mara tatu kwa maji ya mto wenyewe kabla ya kuchota. Maji ya juu kabisa yana chembe laini tu na mchanga hupita chini, kwa hiyo kama una chupa yenye uzito inayojaa polepole inaposhushwa hadi karibu na sakafu na kupandishwa, itumie badala ya ndoo. Changanya maji ya sehemu zote tatu katika chombo kimoja kikubwa, ukitikisa kila mara unapomimina, kwani udongo hutuama upesi kuliko mtu anavyofikiri.

Vaa glavu. Jasho la mikono na moshi wa sigara vina amonia ya kutosha kuharibu kipimo. Chuja papo hapo, au ndani ya saa chache maji yakiwa kwenye barafu, gizani. Bakteria waliomo kwenye chupa hawaachi kula kwa sababu wametolewa mtoni. Chupa iliyolala ndani ya gari lenye joto usiku mzima hufika maabara ikiwa na habari za gari, si za mto.

Kila kipimo kina chupa yake. Maji yaliyochujwa ya naitreti, amonia na fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka) yagandishwe katika chupa za plastiki. Ya silika yawekwe katika plastiki pia, kwa kuwa kioo chenyewe kina silika, lakini yahifadhiwe kwenye friji bila kugandishwa, maana kuganda huifanya silika ijishike na isionekane katika kipimo. Ya kaboni hai iliyoyeyuka yawekwe katika chupa ya kioo iliyochomwa tanuuni ili kuondoa mafuta na vumbi, na yatiwe tone la asidi. Ya bikaboneti yajazwe hadi shingoni bila kiputo cha hewa, yafunikwe vizuri, na yasitiwe asidi hata kidogo, kwani asidi huigeuza bikaboneti yote kuwa gesi.

Karatasi ya kuchujia

Hatua hii ndiyo inayoamua ubora wa kazi yote, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Tumia karatasi za nyuzi za kioo zenye kipenyo cha milimita 47 na matundu ya mikromita 0.7. Zichome kwenye tanuu kwa nyuzi 450 kwa saa nne, ili kaboni yoyote iliyokuwamo kiwandani iondoke, kisha uzipime moja moja kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu. Andika namba ya karatasi kwenye kisahani chake na usiandike juu ya karatasi.

Tuseme karatasi namba 14 ina uzito wa gramu 0.1312. Unamimina mililita 100 za maji ya Sabaki juu yake huku pampu ya mkono ikivuta taratibu. Mwanzoni maji hupita kwa mfululizo, karatasi hubadilika kutoka nyeupe kuwa rangi ya matofali, halafu matone huanza kuchelewa. Yakichelewa sana, acha. Usiongeze nguvu ya pampu, kwani chembe laini zitapenya na karatasi inaweza kuchanika. Siku za mafuriko makubwa mililita 50 zinaweza kuwa nyingi. Muhimu ni kuandika kwa uhakika ni mililita ngapi zilizopita. Kausha karatasi kwa nyuzi 105 hadi uzito wake usibadilike tena, kisha uipime. Ikiwa sasa ina gramu 0.2112, umekamata miligramu 80 katika mililita 100, yaani miligramu 800 katika lita moja.

Chuja karatasi ya pili kwa ajili ya kaboni, na hiyo uikaushe kwa nyuzi 60 tu. Maabara yenye mashine ya kuchambua kaboni na naitrojeni itaiweka kwanza kwenye mvuke wa asidi ili chokaa iondoke, kisha itasoma kaboni hai peke yake. Asiyeweza kufika maabara kama hiyo anaweza kuchoma tope lililokaushwa kwa nyuzi 550 na kuchukulia kwamba karibu nusu ya uzito uliopotea ni kaboni. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba udongo wa mfinyanzi hupoteza pia maji yaliyofungwa ndani yake unapochomwa, hivyo njia hii huongeza makadirio katika mto wenye tope jingi. Naikubali kwa kulinganisha siku na siku, siikubali kwa kutangaza idadi ya tani.

Kupima maji yanayopita

Pima upana wa mto pale darajani, shusha uzi wenye timazi kila baada ya mita chache ili upate kina, na utafute wastani. Kisha tupa chungwa juu ya mkondo na uhesabu sekunde linazochukua kupita umbali uliopimwa, angalau mara tano, katikati na pembeni. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliburuti. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi uliyoipata kwa 0.85.

Kwa mfano wa hesabu tu: upana mita 60, kina cha wastani mita 1.2, kasi ya chungwa mita 0.7 kwa sekunde. Kasi iliyorekebishwa ni karibu 0.6, na mtiririko ni karibu mita za ujazo 43 kwa sekunde. Rudia kipimo hiki mto ukiwa katika vina mbalimbali, chora kina upande mmoja na mtiririko upande mwingine, na baada ya vipimo kumi hivi utakuwa na mchoro unaokuwezesha kusoma mtiririko kwa kutazama tu rula iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja. Mafuriko yakichimba au kujaza sakafu ya mto, mchoro huo ufanywe upya. Sabaki ina mchanga unaohama, na jambo hilo hutokea.

Kutoka miligramu hadi tani

Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Basi ukizidisha ukolezo kwa mtiririko unapata gramu kwa sekunde, na ukizidisha tena kwa 0.0864 unapata tani kwa siku. Kwa mfano wetu, 800 mara 43 mara 0.0864 ni karibu tani 2,970 za tope kwa siku. Ikiwa asilimia 2 ya tope ni kaboni hai, hizo ni karibu tani 59 za kaboni. Naitrojeni ya naitreti ikiwa miligramu 2 kwa lita, ni tani 7.4 kwa siku.

Sasa chukua siku ya mafuriko, mtiririko ukiwa mita za ujazo 400 na tope miligramu 3,000. Hesabu ile ile inatoa zaidi ya tani 103,000 kwa siku moja, yaani mzigo wa siku 35 za kawaida. Aliyekosa siku hiyo amekosa zaidi ya mwezi mzima, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba gharama ya kukaa karibu na daraja wiki moja ya mafuriko ni bora kuliko safari nyingi za kiangazi.

Kosa moja la hesabu limeharibu majedwali mengi. Maabara nyingine huripoti uzito wa naitreti nzima, nyingine huripoti uzito wa naitrojeni iliyomo. Naitreti nzima ni mara 4.4 ya naitrojeni yake. Uliza, na uandike jibu juu ya kila safu. Kwa fosfeti, zidisha kwa 0.326 ili upate fosforasi; kwa bikaboneti, zidisha kwa 0.197 ili upate kaboni.

Kinachotokea mto unapokutana na chumvi

Mzigo uliopimwa darajani si mzigo wote unaofika bahari kuu. Mchanga hutua kwanza, ndiyo sababu ufuo wa ghuba ya Malindi umekuwa ukisogea kuelekea baharini kwa miongo kadhaa. Udongo wa mfinyanzi ukikutana na chumvi hugandamana kuwa mabonge na kuzama, ilhali sehemu ya fosforasi iliyoushika huachiliwa. Mikoko ya mlangoni hunasa tope na kuzika kaboni, na papo hapo hutoa kaboni yake iliyoyeyuka. Sehemu ya kaboni hai huliwa na bakteria na kurudi hewani kama gesi.

Ili kuyaona haya, kodi mashua siku ya bahari tulivu na uchote maji kuanzia mlango wa mto hadi maji ya buluu, ukipima chumvi kila mahali, kutoka karibu gramu 0 hadi 35 kwa kilo ya maji. Chora kila kirutubishi dhidi ya chumvi, kisha unganisha ncha mbili kwa mstari ulionyooka. Vipimo vikilala juu ya mstari, mto na bahari vinachanganyika tu. Vikiinama chini yake, kuna kitu kinachokula au kuzamisha kirutubishi hicho. Vikipanda juu, kuna chanzo njiani, labda tope, labda mikoko, labda bomba la maji taka ambalo hukuwa na habari nalo. Silika aghalabu hukaa karibu na mstari katikati ya tope, kwa kuwa giza huzuia mimea kuota, kisha huporomoka pembeni mwa wingu la hudhurungi ambako mwanga umerudi na virutubishi bado vipo. Mahali hapo ndipo planktoni hustawi.

Andika pia upepo. Wakati wa kaskazi wingu la Sabaki husukumwa kusini kuelekea Malindi na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na tope hufika kwenye matumbawe na majani ya bahari. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini. Vipimo vya Januari na vya Julai visiwekwe katika wastani mmoja.

Kusoma matokeo

Naitrojeni nyingi ya Nairobi haifiki pwani wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji huenda polepole na bakteria wa sakafuni hupata muda wa kuigeuza naitreti kuwa gesi isiyo na madhara. Mvua zikinyesha, muda huo hupotea na mto husukuma chini kila kitu. Kwa hiyo usishangae ukikuta naitreti imepungua Machi na kupanda Aprili; usikimbilie kulaumu mbolea ya masika peke yake.

Kuhusu tope, kuna ushahidi wa zamani kuliko kipimo chochote cha darajani. Tumbawe kubwa kutoka maji ya Malindi limehifadhi katika tabaka zake za karibu miaka 300 kiasi cha bariamu, aina ya metali, kilicholetwa na udongo wa mto, na tabaka hizo zinaonyesha ongezeko kubwa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa mifugo kwa namna mpya. Mzigo wa leo, basi, usichukuliwe kuwa hali ya asili ya Sabaki. Matuta ya “fanya juu” ya Machakos, yanayozuia udongo usizolewe, yanahusu bahari ya Malindi sawasawa na yanavyohusu mahindi ya Machakos, na anayepima tope darajani anaweza kuwapelekea wakulima wa huko habari ambayo hawana njia nyingine ya kuipata.

Upo pia upande wa pili, ambao huzungumzwa kidogo. Mto uliopunguziwa mzigo kupita kiasi huiacha pwani na njaa. Bwawa la Aswan lilipoanza kuzuia maji ya Nile katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa mbele ya delta ya Misri ulianguka kwa sababu mafuriko yaliyobeba virutubishi yalikoma. Kwenye Tana, bwawa la Masinga limekuwa likinasa mashapo tangu 1981. Kwenye Athi, ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018 kati ya Makueni na Kitui, na kwenye Rufiji bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hunasa kwanza mchanga, kisha tope na fosforasi yake, na silika hupungua diatomu wanapoota katika maji yake yaliyotulia, huku naitreti ikipita kwa wepesi zaidi. Hivyo katika kila sampuli pima silika na naitrojeni kwa pamoja, na uhifadhi karatasi zako za kuchujia zilizokauka ndani ya visahani vilivyofungwa, kila moja ikiwa na tarehe, saa, kina cha maji, mililita zilizopita na upepo wa siku ile, ili atakayepima mto huo huo miaka ishirini baadaye aweze kuzifungua na kuzilinganisha na zake.